Mtaalamu wa Vyeti vya Kale

"Bandia," aliandika Profesa Anselme Thouvenin kwa wino mwekundu, akakiweka cheti cha ubatizo kando na kuchukua kingine.

Mwaka huo wa 1942, pale Dijon, mji wa Ufaransa uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, Wayahudi walikuwa wakipakiwa kwenye treni, na waliopakiwa hawakurudi. Cheti cha ubatizo cha bibi yako, kikionyesha kwamba ukoo wako ni wa Kikristo, kingeweza kukuokoa. Vyeti vyenye shaka vililetwa na polisi kwa Thouvenin, kwa kuwa alikuwa amefundisha historia ya sheria miaka thelathini na minne, na hati za kanisa alizijua kama mpishi anavyoijua chumvi. Hakulazimishwa. Aliombwa, akaona fahari.

Sharti lake lilikuwa moja: majina yote yazibwe kwa karatasi kabla vyeti havijamfikia.

"Mwanahistoria hana rafiki wala adui," alipenda kusema. Watu wa namna hii mimi nawaogopa kuliko wenye bunduki.

Mchana mkewe, Edmée, alimpakulia supu ya kabichi. Zamani hakuwa na habari na kazi ya mumewe. Miezi hii aliuliza kila siku, na mzee alifurahi kama bwana harusi.

"Hebu niambie, hawa wanaoghushi hukosea wapi?"

"Wino, mke wangu. Wino wa miaka mia hugeuka rangi ya chai. Na karatasi! Wajinga wananunua mpya."

"Na wasio wajinga?"

"Hao watakutana na mimi."

Edmée hakucheka. "Wewe mzee, huwezi kufumba jicho hata mara moja? Cheti kimoja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Kuna mtu nyuma ya hiyo karatasi, Anselme."

"Kama ni mkweli, anaogopa nini? Nipe mkate."

Akampa mkate.

Katikati ya Julai kikaja cheti cha mwaka 1836 kilichomtoa jasho. Karatasi ilikuwa ya kale kwelikweli. Wino ulikuwa na rangi ya chai. Alikiinamia tangu asubuhi, akakaribia kabisa kukipitisha. Kisha akautazama muhuri, akacheka peke yake. Askofu aliyetajwa pale alisimikwa mwaka 1838.

"Fundi huyu kanisumbua," alimwambia Edmée mezani siku ya pili. "Kajua yote, maaskofu ndio kawasahau!"

Edmée akaweka kijiko chini. "Umeshakirudisha?"

"Jana ileile. Mbona huli?"

"Nimeshiba."

Akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Siku ya tatu mlango ukagongwa. Thouvenin akaenda kufungua mwenyewe, miwani mkononi. Walikuwa polisi wawili.

"Mmeniletea vingine?"

Mkubwa wao akashindwa kumtazama usoni. "Hapana, Profesa. Tumemfuata mkeo. Kile cheti cha juzi kilikuwa cha bibi yake."

Edmée alikuwa ameshashuka ngazi, amevaa koti la baridi kwenye joto lote lile.