Goti la Wachuka

"Si hivyo, Becky! Unayumba kama mlevi. Yumba kidogo tu, kama goti limekataa."

Becky alijaribu tena, leso imemfunika kutoka kichwani hadi miguuni. Wasichana wengine, nao wamefunikwa vivyo hivyo, walichekea ndani ya nguo. Wangare hakucheka. Nje hemani wageni kutoka Bomet walikuwa wanamaliza chai, na kijana wao alikuwa karibu kuitwa aje achague bibi yake kati ya wanawake waliofunikwa, jinsi Wakikuyu wanavyomjaribu bwana harusi.

Kijana! Wangare alisonya. Huyo Kipngeno wa kliniki ya Kiamunyi, kazi yake kushikashika magoti ya watu na kuwaambia wasimame kwa mguu mmoja wakifumba macho. Shamba la baba yake linamezwa na magugu, yeye anafundisha watu wazima kusimama. Hiyo nayo ni kazi? Hata flamingo wa pale ziwani husimama kwa mguu mmoja, na hakuna aliyempeleka koleji.

Wangare, tata yake, yaani shangazi, ndiye aliyemlea bibi harusi, Wachuka, mtoto wa marehemu kaka yake. Ndiye aliyemtafutia Kihara, mwanamume wa maana, mwenye duka la mabati na lori lake. Kisha msichana akaenda kucheza mpira, akakanyaga vibaya, kano ya goti ikakatika. Akapasuliwa, akashonwa, akapelekwa kwa huyu wa kusimamisha watu. Sasa ni mwaka wa pili anaenda kliniki kila Alhamisi, na akirudi nyumbani bado anachechemea. Wiki hii mguu huu, wiki ijayo ule.

"Amemharibia hata mguu mzima," Wangare aliwaambia majirani wa mtaa wa Rhonda. "Huyo ni daktari ama ni ugonjwa?"

Na mdomo Kipngeno alikuwa nao. Siku alipokuja na wazee wake kuposa, aliposikia habari ya leso, alijibu bila haya: "Mfunikeni hata na blanketi. Nitamjua kwa vile anasimama."

Wazee walicheka. Wangare akaona mwanya.

"Basi achague mara moja tu," alisema. "Akishika mwingine, arudi kwao, tutaongea mwaka ujao."

Kipngeno alikubali upesi, mjinga kabisa. Mwaka ujao! Mwaka ujao Wachuka angekuwa anapika kwa Kihara. Hilo Wangare alilifungia moyoni.

Ati atamjua kwa vile anasimama. Kwani kuna asiyejua Wachuka anasimamaje? Akiosha vyombo huegemea sinki. Akiongea na mtu mlangoni huinama upande mmoja kama nyumba ya mbao iliyooza nguzo. Dawa yake ilikuwa rahisi: wayumbe wote. Wangare alikuwa amechagua wasichana wa kimo kimoja, akawavalisha slipa za aina moja, akawafundisha. Wachuka peke yake hakuambiwa neno. Aambiwe ya nini? Goti lake lingemyumbisha lenyewe.

"Tata, kwani na wewe unaingia?" Becky aliuliza.

"Naingia. Nyinyi nikiwaacha mtacheka muharibu."

Akajitupia leso kichwani. Wachuka aliletwa mwisho kutoka chumba kingine, amefunikwa tayari, akasukumwa katikati ya wenzake. Wakatoka polepole, wameshikana mikono, vigelegele vikawapokea.

Chini ya leso Wangare aliona nyasi tu na vidole vyake mwenyewe. Alisikia viatu vya mwanamume vikikaribia. Vikapita kwa wa kwanza. Vikapita kwa Becky. Vikasimama mbele yake.

Wangare aliyumba kwa ufundi wake wote.

"Pole na goti, mathe," Kipngeno alisema.

Hema zima liliangua kicheko. Mshenzi, Wangare alisema moyoni. Ati mathe, kama mama yake! Hata adabu hakufundishwa. Lakini viatu vilienda mpaka mwisho wa mstari, vikageuka, vikaanza kurudi, na Wangare akatabasamu gizani. Alikuwa amepotea. Alikuwa amepotea kabisa, mtaalamu wa magoti, mbele ya wazee wake na wetu.

"Kijana, tunangoja," alisema mzee Ndung'u, msemaji wa ukoo. "Ni mara moja tu, unakumbuka?"

"Nakumbuka, mzee. Ni huyu."

Leso ilifunuliwa. Vigelegele vikapasuka, na vilitoka upande wa Bomet.

Wangare alijivua leso yake kwa hasira. Wasichana walikuwa bado wanayumba kushoto na kulia, kama mahindi kwenye upepo. Katikati yao alikuwa Wachuka, mkono wake mkononi mwa Kipngeno, amesimama wima kama nguzo ya stima.

"Wewe!" Wangare alimrukia. "Leo umesimamaje hivyo? Na hilo goti?"

Wachuka aliangalia chini.

"Tata, goti lilipona mwaka jana, hata mahindi hayajavunwa," alisema. "Lakini ningekuwa mzima, ungeniruhusu kwenda Kiamunyi kila Alhamisi?"