Kumbini Haingii Mwanamke

Mzee Swalehe aliingia zahanati na damu kwenye pindo la kanzu, akaomba pamba. Asubuhi alikuwa amekwisha kuja kuomba bandeji. Sista Teodosia aliacha kumpima mtoto uzito, akamwuliza tena ni nani huyo anayetoka damu.

"Mwari wangu mmoja," alisema mzee. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kumbi la jando, porini nyuma ya mikorosho, na waliotahiriwa juzi walikuwa chini ya uangalizi wake.

"Basi nipeleke nikamwone."

Mzee alitikisa kichwa. Kumbini haingii mwanamke, alisema, awe nesi, awe mama mzazi. Aliyasema kwa upole, na upole huo ulimkera Teodosia kuliko ambavyo matusi yangemkera.

Alikuwa amehamishiwa katika zahanati hii ya njia ya Ruangwa kutoka Songea, na tangu afike alikuwa akigonga ukuta. Wanawake walimjia, sawa. Wanaume hawakumvulia nguo, na hilo alilielewa. Ila hawakumvulia hata Daktari Ladislaus, mwanamume mwenzao! Mtu ana ngiri imemning'inia, akiulizwa anasema kichwa kinamwuma. Mwingine alizibwa mkojo, akajikokota mpaka hospitali ya Mnero badala ya kutibiwa hapa hapa kijijini. Maskini Ladislaus alijaribu kila njia. Alicheza nao bao, akajifunza salamu za Kimwera, akashinda nao misibani. Walimpenda sana, lakini nguo hawakuvua.

Na sasa, siku anayohitajika kuliko zote, Ladislaus yuko likizo. Alifunga sanduku wiki iliyopita akaaga kwamba anakwenda kwao Bukoba kuwaona wazazi, maana vita vya Uganda vimekwisha. Teodosia alimtakia safari njema. Leo alimlaani kimoyomoyo.

"Angekuwapo Daktari angeingia huko," alisema kwa hasira.

"Kumbini haingii asiyepita kumbini," alijibu mzee. "Hata awe daktari."

Alimpa pamba, shashi safi na vidonge vya penisilini, akamweleza jinsi ya kukandamiza kidonda bila kuachia. Mzee akaondoka mbio kadiri miguu yake ilivyoweza.

Jua lilipokuwa utosini alirudi na vidonge vile vile mkononi. Mwari anasema penisilini humtoa mapele mwili mzima, alieleza, anaomba dawa nyingine. Na damu bado inatoka.

Teodosia alimbadilishia dawa. Alijisemea kwamba mtoto huyo ana akili, bila shaka alifundishwa na mama yake. Wazo la mama huyo likamchoma.

"Mama yake anajua hali yake?"

"Mama yake yuko mbali. Asisumbuliwe."

Teodosia alisikia machozi ya hasira yakimpanda. Mtoto wa mtu anaishiwa damu porini, na aliyemzaa asisumbuliwe! Alimwambia mzee kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mzee akamjibu kwamba mwacha mila ni mtumwa, lakini midomo ilimtetemeka, na Teodosia akaona kwamba naye anaogopa.

Hakubishana tena. Alichukua chupa ya dripu, mpira na sindano, akafunga mlango wa zahanati na kumfuata nyuma. Mzee alimsihi arudi. Hakurudi.

Palipoanzia njia ya kumbini palikuwa na tawi bichi limelazwa chini kuwazuia wanawake. Wanaume waliokuwa wakilinda walisimama. Teodosia aliketi chini upande wake wa tawi, na chupa mapajani. Alikuwa amechoka na kijiji hiki, amechoka kubembeleza watu waponywe.

"Sitaki kuona siri zenu," aliwaambia. "Mfunikeni gubigubi, uso na kila kitu, mnitolee mkono mmoja tu nimtundikie dripu. Mkikataa nitakaa hapa hapa mpaka mje kuniambia amekufa."

Walijitenga, wakanong'ona kwa Kimwera. Mmoja alipinga kwa ukali, na Mzee Swalehe akamkatiza. Kisha wakaingia porini wote, wakamwacha peke yake akiomba Mungu na kutukana kwa zamu.

Walirudi wanne, wamebeba kitanda cha kamba huku wakitweta. Juu yake palikuwa na blanketi lililofunika kutoka utosi hadi nyayo. Walikitua ng'ambo ya tawi, wakainamisha nyuso. Mkono ukatolewa pembeni, umepakwa unga wa jando mpaka kiwikoni. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia, lakini watoto wa huku hushika jembe mapema, naye hakuwa na muda wa kushangaa. Alitafuta mshipa. Ulimkimbia, akautafuta tena, ukakubali. Mzee Swalehe mwenyewe akainua chupa juu.

Maji yalianza kudondoka. Teodosia aliushika ule mkono akisikiliza mapigo. Yalikuwa dhaifu, kisha polepole yakaanza kupata nguvu. Wanaume walimwambia damu ya kidonda nayo imepungua, tangu dawa ya mwisho na kule kukandamiza. Hasira zote zikamtoka kwa mkupuo, akabaki na huruma. Aliinama karibu na blanketi.

"Usiogope, mwanangu, utapona," alisema. "Niambie jina lako, nimpelekee mama yako salamu."

Blanketi lilitikisika kidogo.

"Sista Teodosia," ilijibu sauti ya Daktari Ladislaus, "mimi niko likizo Bukoba."