Haupotezi Kitu

"Zima, Mwanakheri," Shekue alinong'ona. Sauti za wageni waliokuja kuuona waya mpya zilikuwa zimeshafika kwenye korido ya maabara.

Mwanakheri hakuzima. Waya walioubuni pamoja, wa kusafirisha umeme bila kuupoteza njiani, ulikuwa umelala ndani ya beseni la naitrojeni kimiminika, kwenye baridi inayoshinda barafu. Asubuhi waliupitishia umeme laini wa mashine ya majaribio, kimiminika kikatulia kama maji ya mtungini, na Shekue akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAUPOTEZI KITU.

Sasa Mwanakheri alikuwa ameunganisha umeme wa mji wenyewe, ule unaovurugwa na vinu vya kusaga na mafundi wa kuchomelea vyuma, mawimbi yake yamechongoka kama meno ya msumeno. Beseni lilikuwa linatokota. Kila povu lilikuwa joto, na joto lile lilikuwa umeme unaopotea.

"Wageni hawakuuliza habari za umeme wa namna hiyo," Shekue alisema.

"Kwa hiyo tumeutengenezea mji gani? Mji ambao watu wake hawali ugali?"

"Dada yangu, nakuomba."

"Dada!" Mwanakheri alifoka. "Siku zote mimi ni mwenzako. Leo unataka ninyamaze, ndiyo nimekuwa dada?"

Mlango ukafunguka. Shekue akarukia swichi, lakini akakuta kiganja cha Mwanakheri kimeshaifunika. Ukungu mweupe ulifurika ukingoni mwa beseni, ukamwagika mezani.

Mgeni wa kwanza alisoma ubao, akatabasamu. Akaliangalia beseni. Kisha akausoma ubao tena, polepole.