Kabla ya Saa Nne

Saa nne kasorobo asubuhi, wenzake wa mwaka wa tatu walipokuwa wakijipanga kuingia kwenye mtihani wa sheria, Agutu alikuwa bado amepiga magoti mwaloni Kirumba, ufukweni wanakotua wavuvi, mbele ya injini ya mtumbwi. Fundi aliyekuwa akimfundisha kazi alikwishamwambia aende kwenye mtihani. Hakuinuka. Alikuwa amechoka, si kwa kazi ile, bali kwa miaka mitatu ya kujifanya anaipenda sheria.

Simu ikaita. Ni baba yake, kutoka Musoma.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mama. Tumekuombea hapa. Umeshaingia?”

Agutu aliutazama mkono wake. Grisi ilikuwa imejaa kwenye kucha, na kidole gumba kimechubuka.

“Sikwenda, Baba. Na chuo sirudi tena. Nataka kusomea ufundi wa injini. Hata sasa ninatengeneza moja.”



“Inawaka?” aliuliza baba, kwa sauti iliyochoka.

“Bado sijaijaribu.”

“Haya, iwashe nisikie.”

Aliiweka simu juu ya ubao, akaishika kamba ya kuwashia kwa mikono miwili, akavuta.