Jumamosi ya Kupika

"Jumamosi wote mje mpike kula!" alinguruma Absalom Wekoye, na watu waliokuwa wakisinzia kwenye nyasi wakazinduka kama waliomwagiwa maji.

Absalom alikuwa memba wa baraza la wilaya, na kila mwezi aliwakusanya watu wake karibu na Kibabii kuwapasha habari za Bungoma, Kitale na Nairobi. Siku hiyo alikuwa ameshawaeleza kwamba nzige wamezuiwa mpakani, kwamba mambo ya kipande yanajadiliwa, na kwamba karibuni gunia la Mwafrika litanunuliwa bei moja na gunia la mzungu wa Kitale. Hakuna aliyefumbua jicho. Alipofika kwenye kura ndipo masikio yaliposimama.

Kwa ndimi za kwao, g huteleza ikawa k, na r na l hubadilishana viti bila ugomvi. "Mpige kura" ilikuwa imemtoka "mpike kula", naye alijua fika. Alikuwa amefanya ukarani Kitale, na akipenda aliweza kuitamka r mpaka ikatetemeka. Siku hiyo hakupenda.

"Kula ya nyama ama ya mboga?" aliuliza mzee Nyongesa, ambaye hakuwa na jino hata moja.

"Kula ni kula, mzee. Wewe kuja tu."

Bwana shauri, mzungu wa serikali aliyesimamia uchaguzi, alikuwa ameonya kwamba mgombea atakayewalisha watu jina lake litakatwa. Lakini nani angemshika mtu kwa matamshi? Na safari hii Absalom alihitaji ujanja, maana alikuwa amepata mpinzani. Huyo ni Mukhisa, seremala aliyerudi kutoka vita vya Burma, mtu asiyejua hata kuhutubia. Alichojua ni kulaza magogo juu ya mto ili wanawake wavuke, na mafuriko yakiyabeba, hulaza mengine.

"Na dalaja, Memba?" iliuliza sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

"Daraja liko njiani," alijibu Absalom, kama alivyojibu kila mwaka tangu saruji yake ilipoletwa. Kisha akafunga mkutano upesi.

Sauti ile ilikuwa ya Rispah, mke wake mwenyewe. Jioni alimkuta akifagia nyumba yao, ambayo ndiyo peke yake eneo lote iliyokuwa na sakafu ya saruji.

"Mama Nakhungu, unaniuliza mambo ya daraja mbele ya watu?"

"Si juzi nilianguka mtoni na mtungi? Bado naskia uchungu hapa kwa nyonga." Rispah aliendelea kufagia. "Sasa hiyo Jumamosi, na sisi wanawake tutapika kula?"

Absalom alicheka mpaka akafuta machozi. "Kupiga ni kwa wanaume," alisema, na safari hii g ikasikika vizuri kabisa. "Wewe utapika."

"Haya," alisema Rispah. "Nitapika."

Na kweli alipika. Fahali alichinjwa, mchele ukaletwa kutoka Kitale kwa lori, na Absalom akarudi nao akiwa na kofia mpya kichwani. Jumamosi asubuhi watu walimiminika kwenye uwanja wa kanisa, kila mtu na sahani yake au bakuli lake. Waliosahau walirudi mbio nyumbani. Sufuria zilikuwa zimepangwa nyuma ya kiti cha Absalom, na harufu ya nyama ilikuwa imeshafika sokoni.

Bwana shauri alizinyooshea kiboko. "Hii sufuria ya nani?"

"Si zangu, bwana!" Absalom alivua kofia haraka. "Ni za akina mama. Wanapikia watu wao tu, mimi sina neno nazo."

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa," alisema Rispah, macho chini.

Bwana shauri alitikisa kichwa, kisha akaeleza utaratibu. Wagombea watakaa wakitazama ukuta wa kanisa, na kila mtu atasimama nyuma ya mgombea amtakaye. Mgombea asigeuke hata kidogo, wasije watu wakaogopa macho yake. Atakayegeuka ameshindwa.

Absalom alikaa akautazama ukuta. Masikio yake yalimtuliza. Mara alisikia vyuma vikigongana, halafu miguu mingi, halafu kusukumana. "Songa bana!" "Si mimi nilikuwa mbele yako!" Alisikia mifupa ikivunjwa na vidole vikilambwa. Mukhisa, kwenye kiti chake cha pembeni, alikuwa kimya kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, na Absalom akamwonea huruma kidogo. Akaanza kupanga maneno ya shukrani. Daraja angeliweka mwishoni.

Bwana shauri alipita akihesabu, akarudi, akahesabu tena.

"Kwisha! Memba geuka!"

Absalom aliinuka, akarekebisha kofia, akafungua mikono yote miwili na kugeuka na tabasamu lake lililopanuka.

Nyuma ya kiti chake alisimama mzee Nyongesa peke yake.

Nyuma ya kiti cha Mukhisa mstari ulikuwa umefika barabarani, na mwanzoni mwake, katikati ya sufuria, alisimama Rispah na upawa mkononi.

"Baba Nakhungu," aliita kwa adabu, "nimepika kula."