Mtihani wa Majina

Mwalimu Methusela Mtewele alizikunja karatasi moja moja, akahakikisha maandishi ya Kiingereza yamejificha ndani na mstari wa chini peke yake umebaki nje. Zilikuwa ishirini. Akalowesha kidole, akazihesabu tena.

Nje wanafunzi wake walikuwa wakikung'uta matope miguuni. Walikuwa watu wazima, wenye wake na watoto, wametoka moja kwa moja kwenye mashamba ya viazi kuja kufanya mtihani wa kuandika jina. Miezi minne aliwafundisha kila alasiri bila kutoza senti, na watu hadi Wanging'ombe walimsifu kwa moyo wake mwema. Sifa zile zilimkera.

Mwaka ule wa 1953 alikuwa amepata nafasi ya masomo ya juu ya ualimu huko Uganda. Misheni ingelipa nusu. Nusu nyingine, shilingi mia tatu, aitafute mwenyewe kabla ya Januari, naye alikuwa mtu wa mshahara wa shilingi sabini kwa mwezi. Aliuza pareto, akauza baiskeli, akaupigia ukoo magoti. Fedha alizopata hazikutosha. Mwakani angetimiza miaka thelathini na mitano, na misheni haikupeleka masomoni mtu wa umri huo.

Ndipo alipokutana na Silvesta, karani wa kuandikisha manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, kule Makambako.

"Kijiji chako kimenishinda," Silvesta alimwambia. "Wamegoma kutia dole gumba kwenye mkataba. Wanataka mtu aandike jina kwa mkono wake, na kuandika hawajui."

Ilikuwa kweli. Mzee Kornelio aliwahi kulewa ulanzi mnadani akaamka kidole kina wino. Alikaa miaka mitatu kwenye mkonge wa Tanga, akarudi na jicho moja; la pili lilitobolewa na mwiba. Tangu hapo wanaume wa kijiji waliapa: dole gumba basi.

"Wafundishe," Silvesta akasema. "Shilingi kumi na tano kwa kila jina. Nusu chukua sasa hivi."

Alichukua. Aliona aibu, lakini alichukua, akaenda Njombe kuzituma chuoni kwa posta.

Sasa wanafunzi waliingia, wakakaa. Aligawa karatasi kwa haraka. Mzee Kornelio, aliyekaa benchi la mbele, aliisugua ya kwake kati ya vidole, kama aliyewahi kuishika nyingine ya aina hiyo.

"Karatasi nzito hii, mwalimu."

"Ni ya mtihani, mzee wangu."

"Haya. Utuonyeshe kwanza ubaoni. Ndivyo ulivyotuzoesha."

Mwalimu akachukua chaki, akaandika jina lake mwenyewe, kama alivyofanya kila siku: Methusela Mtewele.

"Tuandike hivyo?" Kornelio aliuliza.

"Hivyo hivyo. Herufi zikae juu ya mstari."

Kornelio akageuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na penseli zikaanza kukwaruza. Mwalimu aligeukia dirishani, akatazama ukungu ukishuka juu ya miti ya miwati. Siku zote darasa lile lilijaa maswali na utani. Leo hakuna aliyefungua kinywa.

Kornelio alikusanya karatasi, akampa. Methusela hakuthubutu kuzifunua. Alijua angekuta jina la Lukas, aliyemjengea jiko, na la Abrahamu, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Akazitia ndani ya bahasha vilevile zilivyo, akaifunga kwa gundi.

Jumamosi asubuhi lori lilikuja kuwapeleka Makambako kupokea vyeti vya mtihani, kama mwalimu alivyowaahidi. Walivaa nguo za kanisani. Njia nzima hakuna aliyeanzisha wimbo. Walikaa wamemzunguka mwalimu, magoti yakigusa magoti yake. Alitamani kushuka, akajikumbusha Uganda.

Makambako, lori jingine lilikuwa linanguruma, limeelekezwa barabara ya Iringa, njia ya kwenda Tanga. Silvesta alisimama na askari wawili mbele ya rundo la mablanketi ya manamba. Wanaume waliyatazama yale mablanketi, kisha wakamtazama mwalimu. Hakuna aliyekimbia.

"Nikiita jina, mwenyewe apande," Silvesta alisema. "Mtu aliyeandika kwa mkono wake hana cha kubisha. Mabwana wa mkonge wanasubiri."

Akachana bahasha aliyokabidhiwa na mwalimu, akafunua karatasi ya juu.

"Methusela Mtewele."

Mwalimu alisogea, akidhani anaitwa kupewa fedha zake. Silvesta hakumpa kitu. Alikuwa amefunua ya pili.

"Methusela Mtewele."

Akafunua ya tatu, ya nne, ya tano, mikono yake ikienda mbio. Herufi zilikuwa kubwa, za watu waliojifunza ukubwani, na zote zilikaa vizuri juu ya mstari.

"Huyo Methusela ni yupi?" askari aliuliza.

Mwalimu alifungua kinywa. Ili ajitetee, ilimpasa aseme karatasi zile zilikuwa za nini. Akakifumba.

"Ni huyu," Mzee Kornelio alisema. "Jina hilo aliliandika mwenyewe, kwa mkono wake. Sote ishirini tulimwona."

Kisha akainama, akachukua blanketi la juu kwenye rundo, akamfunika mwalimu mabegani taratibu. "Jifunike, mwanangu. Mpaka Iringa kuna baridi."