Kisanduku Chekundu

Picha ya mkono ilijaa skrini yote ya ukutani, na kati yao watatu hakuna aliyetaka kuitazama mara mbili. Malengelenge kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni.

"Huyu ni fundi cherehani," Bosi akasema. "Na huo ndio mkono wake wa kushonea. Kafungua sufuria yetu ya presha, mvuke bado uko ndani. Anasema kafuata maelezo yetu kwenye simu, hatua kwa hatua, na onyo hajaliona. Haya, niambieni. Onyo liko wapi?"

Mama Pacha akawa anatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona.

Alijua onyo liko wapi.

Kampuni inauza vyombo vya jikoni, na yeye na Mzee Miwani kazi yao ni kurasa za msaada: umenunua sufuria, unaingia mtandaoni, unasoma inatumikaje. Kurasa mia mbili na ushee. Lakini sura ya kurasa zote inatoka kwenye faili moja tu, faili la mitindo. Chukulia kama sare ya shule. Ukiandika humo soksi ziwe nyekundu, shule nzima soksi nyekundu. Ukiandika maonyo yasionekane kwenye simu, basi, kurasa zote mia mbili zinayameza kwa mpigo.

Na Mama Pacha aliandika hivyohivyo. Wiki tatu nyuma, kwenye kikao cha asubuhi, Bosi alilalamika kwamba kisanduku chekundu cha onyo kinakula nusu ya skrini ya simu. Jioni saa kumi na moja, mkoba ushapanda begani, Mama Pacha akafungua faili akachomeka mstari mmoja pale juu kabisa: kwenye simu, kisanduku kifichwe. Akaangalia kwenye simu yake. Hakipo. Safi. Yale maneno ya onyo atayahamishia kesho ndani ya hatua zenyewe.

Kesho yake pacha mmoja akaamka na homa, na wa pili naye hakutaka kupitwa. Ikapita hiyo.

"Msimamizi wa kurasa nani?" Bosi akauliza, na anajua fika.

"Mimi," Mzee Miwani akajibu.

Mzee huyu ndiye aliyemfundisha Mama Pacha kazi, toka hajui hata kuhifadhi faili. Alibakiza miezi mitatu tu astaafu.

"Ijumaa nataka nijue imekuwaje," Bosi akasema. "Usiponiambia, hiyo miezi mitatu unaimalizia nyumbani kwako. Na sherehe ya kukuaga usahau."

Mama Pacha akakusanya daftari lake, akatoka wa kwanza.

Siku tatu nzima, kila akitaka kusema, anawafikiria pacha, ulimi unakuwa mzito kama kiatu kilicholowa. Na kilichommaliza zaidi, Mzee wala hakugomba. "Usiwaze sana, mwanangu," alimwambia wakinywa chai. "Hizi kompyuta zina mambo yake." Bora angemtukana.

Alhamisi akampigia simu yule fundi.

"Dada, napiga kutoka kampuni ya sufuria. Nilitaka kukupa pole."

"Pole ya nini? Umeniunguza wewe?"

Mama Pacha akakata simu. Akakaa chooni robo saa nzima, anajifanya ananawa uso.

Ijumaa ikafika. Bosi akakunja mikono. "Haya, Mzee."

Mzee Miwani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Bosi, mimi nimeangalia. Sijaona kitu."

"Basi kusanya vitu vyako."

"Ni mimi," Mama Pacha akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyeficha kisanduku. Siku ileile ya kikao, jioni."

Bosi akamgeukia polepole. "Siku tatu unamtazama mzee wa watu anabebeshwa mzigo wako, na wewe unakunywa chai?"

"Niliona aibu, Bosi."

"Aibu ungeiona Jumanne. Kusanya wewe."

Mzee Miwani alikuwa amemkodolea macho. "Una hakika ni wewe?" akamuuliza, taratibu kabisa.

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

Macho ya Mzee yakalowa. "Yamekwisha, mwanangu," akasema. "Mungu akuongoze."

Mama Pacha akaomba jambo moja tu: asiondoke kabla hajakirudisha kisanduku, asije akaungua mwingine. Bosi akampa dakika kumi. Akakaa kwenye kiti chake, Mzee akasimama nyuma yake, amemwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza wiki ile Mama Pacha akavuta pumzi ikafika chini.

Akautafuta mstari wake, akaufuta. Akafungua ukurasa kwenye simu.

Kisanduku hakipo.

Akafungua upya. Hakipo.

"Acha tu," Mzee akasema. "Nitamalizia mimi. Wewe nenda kapumzike, usijitese."

Lakini kwenye faili la mitindo, amri mbili zikigusa kitu kimoja, inayosikilizwa ni ya chini. Na huko chini hakuwahi kuangalia. Akaanza kushuka, mstari mia mbili, mia tano, mia tisa, mpaka karibu na mwisho wa faili. Kwenye simu, kisanduku kifichwe.

Juu ya mstari huo kulikuwa na kile kimaandishi wanachoacha kila wakigusa faili, cha kuonyesha nani na lini. Tarehe ya siku ya kikao. Saa nane mchana. Miwani.

Mkono ukaondoka begani mwake.